Hatua Fupi za Baba

Baada ya arobaini ya baba tuligawana vitu vyake kama ilivyo desturi. Mdogo wangu Yusufu alichukua redio na koti. Mama alibaki na tasbihi. Nilipoulizwa mimi nataka nini nikasema viatu, na watu wote chumbani wakanitazama kama mtu aliyechanganywa na msiba. Vilikuwa viatu vya ngozi nyeusi, vya mwisho alivyonunua maishani mwake, na havikumtosha mtu yeyote katika ukoo. Nikavigeuza chini juu mbele yao. Visigino vilikuwa vizima kabisa, utadhani vimetoka dukani juzi. Soli za mbele ndizo zilizolika, zote mbili, mahali pale pale, hadi kitambaa cha ndani kikawa kinaonekana. Mzee wa miaka sabini na kitu alikuwa bado anakanyagia vidole. Yusufu alianza kucheka, mama naye akacheka huku anajifuta macho, kwa sababu sisi watatu tunajua soli zile zilianza kuliwa wapi.

Wenzangu tuliokulia Rwezamenyo mtaikumbuka Kigali ile. Asubuhi mtaa mzima ulinuka mkaa na chapati, na mvua ikishanyesha, vumbi jekundu lilitoa harufu ambayo mpaka leo ikinipata njiani nasimama. Tulivaa viatu vya plastiki vilivyounguza miguu saa sita na kutoa sauti ya aibu vikiingia maji. Baba alikuwa fundi baiskeli pale Gitega, kwenye kona yenye watu wengi hata ungeweza kukanyagwa umesimama. Alikuwa na sanduku la mbao, beseni la maji la kutafutia pancha na kipande cha kamba alichotundikia magurudumu. Mikono yake ilinuka mpira na mafuta hata baada ya kutawadha.

Baba alikuwa mtu mrefu. Ukimwona ameketi ungetegemea akisimama atembee kama twiga. Lakini alitembea kwa hatua fupi, za haraka, zote sawa, macho yake yakiwa chini muda wote. Watoto wa mtaani walikuwa wakimfuata nyuma wakimwigiza, kisha wananigeukia na kuniuliza baba yangu amedondosha nini tangu mwaka jana ambacho bado hajakipata. Nilipigana kwa ajili ya swali hilo mara mbili, na mara zote mbili nilipigwa. Baadaye nikaacha kupigana, nikawa natafuta visingizio vya kutotembea naye. Akienda msikitini mimi nilikuwa nimesahau kitu ndani, akinisindikiza shuleni nilikuwa nataka kukimbia mbele.

Moyoni nilikuwa nimeshakata kesi. Baba yangu ni mwoga. Mtu jasiri, kwa akili zangu za miaka minane, alipiga hatua ndefu na kutazama watu usoni. Baba alitembea kama mtu anayeomba radhi kwa ardhi. Mteja akimpandishia sauti alinyamaza na kuendelea kukaza spoku. Vita vilipoanza kule kaskazini na mji ukajaa askari, walipopita yeye alisogea pembeni mapema kuliko wengine wote. Nilikuwa naandika ushahidi wote huo kichwani kama karani wa mahakama.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulikuwa habari ya bibi, mama yake baba. Nilikuwa sijawahi kumwona. Baba alizaliwa kwenye nyumba ya Wakatoliki katika mlima wa machimbo ya bati, ng'ambo ya bonde, na aliitwa Petero. Akaja mjini, akampenda mama, akasilimu, akawa Kasimu. Bibi aliposikia akamtumia maneno kupitia watu: mimi nilizaa Petero, huyo Kasimu simjui, asije kwangu. Na baba hakwenda. Nilipozaliwa hakwenda, nilipoanza shule hakwenda. Wenzangu darasani walipokuwa wakisimulia walivyokula viazi vitamu kwa bibi zao, mimi nilitunga bibi wangu mwenye ng'ombe sita na meno ya dhahabu. Lakini nilijua kwamba baba anamwogopa kikongwe mmoja, na niliona aibu.

Aliyechoka kwanza ni mama. Yusufu alikuwa na miezi minne. Jioni moja baba alikuwa uani ananyoosha gurudumu, mama akaja na mtoto mgongoni akasimama mbele yake mpaka gurudumu likaacha kuzunguka.

"Baba Hadija," alisema, "huyu sasa ni wa pili. Nimechoka kuzaa watoto hawana bibi. Akitufukuza, atufukuze tukiwa tumefika."

Baba aliligusa gurudumu kwa kidole likazunguka tena, halafu akasema, "Jumapili. Lakini tunaenda na miguu. Tunapita njia ya wagoni."

Mimi nilikuwa nimeshajiona kwenye gari, karibu na dirisha, nikipungia watu. Nililia. Kila mtu alijua barabara kuu ilikuwa na vizuizi, kamba imefungwa kukatiza njia na watu wanashushwa kuonyesha karatasi, na mimi nikajua papo hapo kwamba baba anawaogopa askari wa vizuizi. Hapo nilikuwa nimepata nusu ya ukweli. Nusu nyingine nilikuja kuipata baada ya miaka mitatu.

Jumapili hiyo mama alifunga chapati kumi kwenye kitambaa, akaongeza sukari, chumvi na kitenge kipya cha mama mkwe wake ambaye hakuwahi kumwona. Mimi nilivalishwa gauni la Idi. Tuliteremka kupita Gitega kabla maduka hayajafunguliwa, tukakata bonde kati ya mashamba ya mtama, tukapanda upande wa pili hadi kwenye ukuta wa mawe ulioota majani. Baba akasema hapo ndipo magari makubwa yalikuwa yakipakia mchanga wa bati kutoka machimboni. Machimbo yalikuwa yamefungwa zamani. Reli za wagoni, yale mabehewa madogo ya mchanga, zilikuwa zimeng'olewa na kuchukuliwa, na kilichobaki ni njia yenyewe, imechongwa ubavuni mwa mlima na kuzunguka nao kila ulipozunguka.

Mtu asiyeijua nchi yetu hawezi kuelewa ajabu ya njia ile. Kwetu ukienda kuazima chumvi unapanda mlima, ukirudisha unapanda mwingine. Njia ya wagoni ilikuwa imelala. Mtoto angeweza kuviringisha ringi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana reli zilipoondoka tu, wenye baiskeli waliiingia kana kwamba ilichimbwa kwa ajili yao. Siku za kazi ilijaa watu wanaosukuma baiskeli za ndizi, za mkaa, za madumu ya maziwa, kengele zinalia kila kona. Siku hizi imesawazishwa vizuri, na Jumapili utakuta vijana wa kofia ngumu na chupa za maji wanaikimbiza kwa mazoezi. Mwanangu ni mmoja wao, na akinisikia nikiiita njia ya wagoni ananiuliza wagoni gani.

Wakati ule ilikuwa bado ina makovu yake. Kila baada ya hatua moja kulikuwa na kishimo kirefu kilichokatiza njia, kama alama za vidole kwenye unga. Harufu ya mikaratusi ilishuka kutoka juu, baridi na tamu, na mawe yalimetameta. Nilikuwa nyuma ya baba nimenuna, nikimtazama miguu ili nisitazame kitu kingine. Taratibu nikaona jambo. Kila kishimo, mguu wake uliingia, vidole kwanza. Kulia, kushoto, kulia. Hakuchagua na hakupunguza mwendo, alikuwa anazungumza na mama huku miguu ikijipeleka yenyewe. Zile hatua fupi za kuchekesha za Rwezamenyo, hapa hazikuwa fupi. Zilikuwa sawasawa kabisa.

Nilimuuliza vishimo vile ni vya nini. Akasimama, akanisubiri nimfikie.

"Hapa kulikuwa reri," alisema. Kiswahili alikijifunzia kazini na kilibaki hivyo hivyo. "Hizi shimo ni za mataruma, zile mbao zinalala chini ya reri. Watu walikuja kuzing'oa kwa kuni. Mimi nilitembea juu yao miaka kumi na mine, kila asubuhi, mbele ya wagoni ya kwanza. Ukikanyaga katikati, mawe inakutegua mguu."

Nikauliza kwa nini alikuwa anatazama chini.

"Ukiangalia mbele, hauoni msumari umelegea. Msumari moja ikilegea, wagoni inaanguka. Na watu wanakuwa juu yake."

Alisema hivyo tu, akaendelea kutembea. Mimi nilibaki pale na kesi yangu yote mkononi, karani aliyeandika miaka miwili kumbe ameandika vitu vingine. Niliwaza zile hatua alizopiga kila asubuhi ili watu nisiowajua wasianguke, na jinsi nilivyokuwa nikijificha nyuma ya mlango asiniite msikitini. Masikio yaliwaka moto. Nikaanza kumfuata kishimo kwa kishimo. Kwangu vilikuwa mbali mbali mno, ikabidi niruke kama chura, viatu vya plastiki vinalia, na mama akasema gauni la Idi litapasuka.

Tulipokuwa tukienda, baba alinitajia majina ya mahali kama alivyoyaita yeye na wenzake. Daraja la Mawe, ambapo maji yanapita chini. Kona ya Upepo. Mti Uliokula Chuma, mkaratusi uliokuwa umemeza ndoano ya zamani hadi ikabaki ncha tu. Kisha Njia Panda, ambapo usifuate ile inayoshuka hata ikionekana nzuri. Baada yake Makaburi ya Wagoni, bonde dogo lenye mabehewa mawili yenye kutu. Alinitaka nirudie kwa mpangilio, halafu nirudie kuanzia mwisho, halafu ananikatia kipande cha muwa. Nilikosea Njia Panda mara mbili na mara mbili alikataa kunipa muwa, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Niliuona kama mchezo tu.

Baada ya Makaburi ya Wagoni baba alifunga vifungo vya shati hadi shingoni. Nilimwona mama anarekebisha mtandio wake, anaurudisha, anaurekebisha tena, mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Nivue?"

"Hapana," baba akasema. "Atuone vile tuko."

Nyumba ya bibi ilikuwa juu kidogo ya njia, nyuma ya ua wa minyaa. Njia ilipita chini ya ua huo kabisa, ungeweza kunyoosha mkono ukagusa. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia. Machimbo yalifungwa mimi nikiwa mtoto mdogo wa kutambaa, na baba alikuwa ameifanyia kazi reli ile hadi mwisho, hata baada ya kuhamia mjini. Kwa hiyo baada ya kukataliwa na mama yake, baba alikuwa amepita chini ya ua ule kila asubuhi miaka kadhaa, na nyundo begani, bila kuingia.

Kwa kupitia tundu la ua niliona uwanja uliofagiliwa na kikongwe mwembamba ameketi juu ya mkeka, ungo mapajani, anachagua maharage kwa vidole. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Mwanamke mwingine alikuwa anaanua nguo, huyo alikuwa mama mdogo Konsolata, mke wa mdogo wake baba. Hatukuwa tumebisha hodi. Ghafla yule kikongwe akainua mkono mmoja juu, na Konsolata akasimama na nguo mkononi.

"Nani anatembea kwenye reli?" bibi akauliza. Alisema Kinyarwanda, na nayaandika yote ya bibi hapa kwa lugha ninayoandikia.

"Mama, reli hakuna tena," Konsolata akamjibu.

"Najua hakuna. Nauliza nani anatembea juu yake."

Konsolata alitazama mlango wa ua, akatuona. Baba alisimama pale kizingitini, mguu mmoja haujavuka. Akasema ni mimi, mama. Bibi akarudisha mkono kwenye ungo, akaokota haragwe bovu, akalitupa.

"Wewe nani?"

Hata mimi nilijua swali lile lilikuwa na ukubwa gani. Jina moja lingefungua mlango. Petero, basi, tungekaribishwa, tungekula, tungerudi nyumbani tuna bibi. Mama alikuwa anatazama ardhi, na nilimwona akimshika Yusufu miguu kwa nguvu. Baba aliinua uso. Nilikuwa sijawahi kumwona ametazama mbele kwa muda mrefu namna ile.

"Ni Kasimu, mama. Yule uliyemzaa ukamwita Petero."

Kuku walikuwa wanaparua. Bibi hakuacha kuchagua maharage. Mwishowe alimwambia Konsolata alete vigoda, na alete kile kinywaji kilichoko kwenye mtungi. Tukaingia tukaketi kama watu waliofika ofisini. Konsolata alirudi na kikombe kikubwa cha bati, kimejaa kinywaji cha rangi ya kahawia, na badala ya kumpa baba, akamwekea bibi mikononi. Bibi akanywa. Akaweka kinywaji mdomoni akakizungusha, akameza, akatulia, akanywa tena. Pembe za mdomo zilikuwa zimelowa.

Mimi nilikuwa nimetembea kuanzia alfajiri. Ulimi ulikuwa umenata kwenye kaakaa. Kwetu Rwezamenyo mgeni alimiminiwa kabla hajaketi vizuri, na mwenyeji alisubiri hata kama kiu inamuua. Nikaona basi, hii ndiyo adhabu yake, ametukalisha ili tumtazame akinywa. Baba alikuwa ameinamisha kichwa tena na ile hasira yote ya kumtetea niliyokuwa nadaiwa ikanipanda kwa mkupuo.

"Anakunywa peke yake," nikasema kwa sauti, kwa Kinyarwanda, ili asikie. "Baba, twende nyumbani."

Mama alinifinya paja hadi nikaona nyota. Bibi aligeuza macho yake meupe kuelekea sauti yangu.

"Na huyu nani?"

"Hadija," baba akasema. "Binti yangu. Umsamehe, mama."

"Wa kumsamehe nini? Ana mdomo wa nyumba hii." Akanyoosha mkono. "Njoo hapa, wewe. Mgeni hapewi kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja, ndivyo tunavyofanya sisi. Lakini leo nimeonja kwa sababu nyingine. Huu ni ubushera, mtama uliooteshwa ukasagwa. Niliupika Ijumaa. Leo Jumapili. Ukikaa sana unageuka pombe, na nimeambiwa pombe kwa baba yako ni haramu. Macho yangu hayaoni povu. Ulimi bado unajua."

Akanywa mara ya tatu, taratibu, kama mganga anayesikiliza kifua cha mtu. Wote tulisubiri ulimi ule.

"Haujageuka," akasema. "Mpe anywe."

Baba alipokea kikombe kwa mikono miwili na hakuweza kunywa. Ni Konsolata aliyesema mengine, kwa kuwa bibi asingesema. Machimbo yalipofungwa na zile hatua za asubuhi zikanyamaza, bibi alikaa siku nyingi hasemi. Kisha mtu mmoja sokoni akamwambia kwamba Waislamu wana Ijumaa kama Wakatoliki walivyo na Jumapili. Akapiga hesabu yake. Ijumaa mwanawe hafanyi kazi, kwa hiyo akija atakuja Ijumaa. Tangu hapo kila wiki alikuwa akipika ubushera, wala si pombe ya ndizi aliyokuwa hodari kwayo mlima mzima, na kila Jumapili jioni Konsolata anawanywesha watoto wa majirani uliobaki.

"Lakini mama," baba akasema, "Ijumaa sisi tunasali halafu tunafungua duka. Tunafanya kazi."

"Hakuna aliyeniambia."

"Wewe ulisema nisije."

"Nilisema Kasimu asije," bibi akajibu. "Nilidhani Petero atakuja kuniuliza kwa nini."

Mama alinyanyuka, akamtoa Yusufu mgongoni, akamweka kwenye mapaja ya bibi juu ya maharage yote. Bibi alimnusa utosini, akamnusa tena, akamwambia Konsolata kwamba huyu ananuka kama baba yake alivyonuka. Tulikula chapati za mama pamoja na maharage ya bibi. Kitenge kilifunuliwa, kikapapaswa, kikakunjwa. Siku ile nzima alimwita baba "wewe". Petero hakusema, Kasimu hakusema. Nilifurahi sana hata hivyo, furaha ya kupata bibi wa kweli asiye na ng'ombe wala meno ya dhahabu. Tuliporudi Rwezamenyo jioni nilishika mkono wa baba, tukapita katikati ya wale watoto, mimi nikiruka ili nifikie hatua zake. Walicheka, na mimi nikawa nacheka nao.

Tulianza kwenda kila mwezi. Bibi alihamishia mapishi Jumamosi ili ubushera uwe mpya Jumapili, na kila mara alionja kwanza, na kila mara mimi nilijifanya nimenuna. Na kila mara, kwenda na kurudi, baba alinitajisha majina. Daraja la Mawe, Kona ya Upepo, Mti Uliokula Chuma, Njia Panda, Makaburi ya Wagoni. Nilishakuwa mkubwa mno kwa muwa na nikamwambia mchezo umenichosha. Akasema nimfurahishe.

Mwaka wenyewe wa mauaji, watu wa rika langu mnaujua, na sitausimulia hapa. Nitasema la kwetu tu. Baba alitoka kwenda kumtazama jirani na hakurudi. Siku ya tatu alfajiri, mvua ikinyesha, mama alimfunga Yusufu mgongoni na kuniambia baba aliacha neno: asiporudi, tusiguse barabara, tupite njia ya wagoni, Hadija anaijua. Ndipo mchezo ule ukanifungukia wote, na muwa wake, na ukali wake pale Njia Panda. Alikuwa ameanza kunifundisha nikiwa na miaka minane.

Nilitangulia mbele. Niliogopa, na siwezi kusema vingine. Vishimo vilikuwa vimejaa maji hivyo vilionekana vyema hata katika ukungu, na nilikazia macho hapo tu, nikitaja majina kwa midomo bila sauti. Sikumbuki ni wapi niligundua kwamba siruki tena. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na miguu ilikuwa imerefuka. Kulia, kushoto, kulia, kila kishimo kilinipokea. Hatukukutana na mtu. Pale Njia Panda ile ya kushuka ilionekana nzuri, nami nikaipita.

Ua wa bibi ulikuwa umefungwa na mlango wa nyumba pia. Nilikuwa bado njiani, sijafika kizingitini, nilipomsikia kutoka ndani, kwa sauti kubwa isiyoficha kitu.

"Kasimu?"

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo mdomoni mwake. Nikasema ni mimi, bibi, ni Hadija, tuko na mama na Yusufu. Komeo likaondolewa, na mikono yake ikatushika mmoja mmoja usoni, akihesabu, na alipomaliza kuhesabu akarudia kuanzia mwanzo. Jioni hiyo alimwagia maji mtama ili uote, ule kidogo uliokuwa umebaki.

Aliupika, ukakaa, ukaanza kuwa mkali, akamwaga, akaanika mwingine. Konsolata alisema mtama unaisha. Bibi akasema na uishe. Kumbe baba alikuwa amefichwa na watu wa msikitini, lakini hilo hatukulijua. Tulichokijua ni kwamba asubuhi moja, sijui ya ngapi, sote tukiwa uani, bibi aliacha kuchagua maharage. Aliinua mkono mmoja juu. Mimi sikusikia chochote, mama hakusikia chochote. Bibi alisikiliza mpaka akaridhika, akashusha mkono, akamwambia Konsolata alete kikombe.